Historia fupi ya nyuzi za besi, na kwa nini mjomba asistaafu

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwa simu kama Muscat imenimeza. Haijanimeza. Ni zamu za usiku tu, na nikitoka zamu kazi yangu moja ni kulala. Leo nina siku mbili za mapumziko, nguo nimeshafua, chai ya maziwa ipo mezani, kwa hiyo tukae tuzungumze.

Leo sitaandika habari za wodini wala bei za vitu Mutrah. Leo ni historia, tena ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekisikia maisha yenu yote bila kukitazama: nyuzi za besi.

Sababu yake mnaijua. Mjomba wetu mpiga besi ana miaka 68 na mkono wa kushoto umeanza kumgomea. Asubuhi vidole vigumu, kidole gumba kinauma shinani, na akipiga nyimbo tatu nne za taarab (mnajua wenyewe wimbo mmoja wa taarab unavyoweza kula robo saa) inabidi ashushe gitaa. Familia imegawanyika. Kuna wanaosema atundike besi ukutani, apumzike, awaachie vijana. Mimi nikapendekeza abadilishe nyuzi: atoe zile nene alizonazo, aweke nyepesi zaidi za aina ile ile ya bapa. Mjomba akajibu kwa maneno machache: nyuzi nyepesi ni za watoto, na ukizigusa nyuzi umeigusa taarab yenyewe.

Kwa heshima zote, mjomba, nakujibu hapa, maana jibu langu ni refu kuliko ujumbe wa simu. Na jibu lenyewe ni hili: nyuzi zimebadilishwa mara nyingi sana, muziki ukabaki. Karibu kila zilipobadilishwa, mtu fulani alikuwa anatafuta kitu kile kile unachokihitaji wewe leo, yaani sauti nzuri bila kuuvunja mkono.

Tuanze na jambo la msingi, halafu historia itaeleweka yenyewe. Uzi unatoa sauti nzito kwa njia tatu: uwe mrefu, uwe mzito, au ulegezwe. Basi. Hakuna njia ya nne. Ukiulegeza sana unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, hautoi muziki. Ukiurefusha sana chombo kinakuwa kikubwa mno. Kwa hiyo mafundi wa zamani walihangaika zaidi na uzito wa uzi.

Kwa karne nyingi uzi mzuri wa muziki ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, uliosafishwa, ukasokotwa na kukaushwa. Udi wa Waarabu ulifungwa utumbo na hariri, fidla za Ulaya zilifungwa utumbo. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa mtacheka, kwa sababu huo ndio uzi wetu pia! Ule uzi wa kushonea unaoyeyuka wenyewe mwilini, ambao jina lake la Kiingereza linamtaja paka ingawa paka hahusiki kabisa, ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Daktari Joseph Lister alianza kuutumia ukiwa umetiwa dawa ya kuua vijidudu mwaka 1869. Mpiga fidla na daktari wa upasuaji walikuwa wateja wa bidhaa moja. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Utumbo una sauti tamu, lakini kwa noti nzito una tatizo. Ili uwe mzito inabidi uwe mnene, na ukiwa mnene unakuwa mgumu kama fimbo, haupindiki vizuri, sauti inakufa. Katika karne ya 17 huko Ulaya wakagundua ufumbuzi: chukua uzi wa utumbo wa unene wa kawaida, uuzungushie waya mwembamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waya unaongeza uzito, ila uzi wa ndani unabaki laini. Ugunduzi huo mdogo ndio uliofanya noti nzito ziwezekane kwenye vyombo vya ukubwa wa kubebeka. Kila uzi wa besi mnaouona leo, hata wa mjomba, ni mjukuu wa wazo hilo. Tofauti tu ni kwamba ndani sasa kuna chuma badala ya utumbo.

Na sisi wa pwani? Sisi tulikuwa na gambusi, ambayo wengine pwani ya Kenya huiita kibangala na Wakomoro huiita gabusi. Ni ile inayochongwa kwa kipande kimoja cha mti, na tumbo lake la chini likawambwa ngozi. Ina ndugu zake Yemen na hapa Oman, na Wahadhrami waliisambaza Bahari ya Hindi yote hadi Indonesia. Nayo ilifungwa utumbo, mpaka ilipokuja nailoni. Hapo ndipo ile habari ya daktari na mpiga fidla inarudi.

Nailoni ilibuniwa na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1935. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, utumbo uliadimika kwa wanamuziki kwa sababu ulihitajika hospitalini kushonea majeruhi. Fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akajaribu nailoni kwenye gitaa. Mpiga gitaa mkubwa wa Uhispania, Andrés Segovia, akaikubali, na kuanzia miaka ya 1940 utumbo ukaanza kuondoka kwenye magitaa ya kawaida. Wapo waliolalamika kwamba sauti imeharibika. Leo ukimwambia mtu gitaa la nailoni lina sauti ya kisasa mno atakushangaa, kwani kwake hiyo ndiyo sauti ya kale. Na sisi pwani hatukuhitaji hata kusubiri pakiti kutoka dukani, maana mshipi wa kuvulia samaki ni nailoni! Gabusi ngapi zimefungwa mshipi na watu wakacheza hadi alfajiri bila kumuuliza mpigaji uzi wake umetoka wapi?

Sasa tuje kwenye taarab, maana hapo ndipo mjomba atanikamata.

Wazee wanasimulia kwamba Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Ikhwani Safaa ikaanzishwa 1905. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikwenda na kundi dogo la udi, fidla na ngoma za mkono. Hapakuwa na besi. Yaani santuri za mwanzo za mama wa taarab yetu, zile tunazoziheshimu kuliko zote, hazina besi hata moja!

Besi ilikuja baadaye, pamoja na mapenzi yetu ya Misri. Filamu za Kimisri na sauti za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilipojaa Unguja na Mombasa, vikundi vyetu vikataka kuwa okestra kubwa kama zao: safu ya fidla, akodioni, kanuni, nai, na nyuma kabisa ile besi kubwa ya kusimama, inayofika juu ya kichwa cha mpigaji. Hiyo ilikuwa miaka ya 1950. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, ilikua katika mtindo huo. Sikilizeni rekodi ambazo kampuni ya Globestyle ya Uingereza ilizifanya Zanzibar mwaka 1988 kwa Ikhwani Safaa na Culture. Ile sauti ya chini, dum... dum..., mviringo, isiyo na kelele, inayoingia na kuondoka bila kumkanyaga mwimbaji, ndiyo besi kubwa. Mimi nikiisikia hapa Muscat nasikia harufu ya asumini.

Lakini besi kubwa ni chombo cha taabu. Uzi wake una urefu wa karibu sentimita 105 kutoka mwanzo hadi mwisho, unahitaji mkono wa baharia, kulibeba ni kazi ya watu wawili, na likipasuka kwa unyevunyevu mafundi wa kulitengeneza ni wachache. Huko Marekani wapiga besi walikuwa na malalamiko hayo hayo. Mwaka 1951 Leo Fender wa Fullerton, California, akatoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Alipunguza urefu wa uzi hadi inchi 34, kama sentimita 86, akaweka freti ili mpigaji asihangaike kutafuta noti, na umeme ukafanya kazi ya lile sanduku kubwa la mbao. Punde chombo hicho kikafika kila mahali. Katika miaka ya 1960 Black Star ya Tanga iliingiza gitaa na besi ya umeme ndani ya taarab, na miaka ya 1990 taarab ya kisasa, ile ya kinanda na rusha roho, ikaifanya besi ya umeme kuwa jambo la kawaida.

Mjomba wetu, aliyeanza ujana wake kwenye besi kubwa, naye akahamia gitaa la besi. Tena alihama kwa sababu ya mgongo. Sikumbuki mtu yeyote katika familia aliyesema siku hiyo kwamba taarab imekufa.

Sasa hizi nyuzi bapa ni kitu gani? Ndani ya uzi wa besi kuna waya wa chuma, juu yake umezungushiwa waya mwingine. Kama waya wa nje ni wa mviringo, ukiupitisha kidole unasikia matuta, kama parafujo. Huo ndio uzi wa mviringo. Kama waya wa nje ni utepe uliosagwa ukawa bapa, ukiupitisha kidole unasikia laini kama kioo. Huo ndio uzi bapa. Uzi wa mviringo unang'ara, una sauti ya kengele, na kidole kikitelemka unalia "shwiii". Uzi bapa ni mtulivu, ncha ya sauti inazimika mapema, kinachobaki ni ule mviringo wa chini. Kwa maneno mengine, uzi bapa ndio unaolikaribia zaidi lile besi kubwa la zamani. Ndiyo maana mjomba anazipenda, na hapo niko upande wake kabisa.

Magitaa ya besi ya mwanzo kwa kawaida yalifungwa nyuzi bapa. James Jamerson, aliyezaliwa 1936 na kufariki 1983, ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya Motown huko Detroit mnazozijua bila kujua jina lake. Naye alianzia kwenye besi kubwa kama mjomba. Alifunga La Bella nene za bapa, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na inajulikana kwamba hakuwa akibadilisha uzi mpaka ukatike. Huyu ndiye shahidi mkuu wa wanaosema besi ni nyuzi nene.

Lakini wakati Jamerson akiwa kileleni, kijana wa Uingereza alikuwa anatafuta kitu tofauti. John Entwistle wa kundi la The Who alitaka besi iliyo wazi kama kinanda. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyopenda gitaa la Danelectro kwa sababu ya nyuzi zake nyembamba, na jinsi zilivyokuwa zikikatika. Nyuzi za akiba hazikupatikana, akawa ananunua gitaa jingine zima kwa ajili ya nyuzi zake! Mwaka 1966 akafanya kazi na kiwanda cha Rotosound cha James How mpaka zikapatikana nyuzi za mviringo za besi zilizomridhisha. Tangu hapo vijana wa dunia nzima wakahama. Nyuzi bapa zikaonekana za kizee, zikabaki kwa wachache: wa jazi, wa rege, na watu kama mjomba.

Tazameni basi mkondo wote. Utumbo ukazungushiwa waya ili usiwe mgumu kama fimbo. Nailoni ikaja kwa sababu utumbo uliitwa hospitalini. Besi kubwa ikapungua kwa sababu ya mgongo na usafiri. Hata huyo Entwistle mwenye kelele nyingi alianza kwa kutafuta uzi mwembamba. Sioni mahali popote ambapo unene wa uzi ulikuwa amri iliyoteremshwa.

Sasa nyuzi NYEPESI za bapa. Hapa nitatumia hesabu, vumilieni kidogo.

Unene wa nyuzi za besi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Wakisema "mia na tano" maana yake ni inchi 0.105, karibu milimita 2.7. Seti nene ya La Bella inayouzwa kwa jina la Jamerson ni 52, 73, 95 na 110. Seti nyepesi ya kiwanda hicho hicho ni 43, 60, 82 na 104. Mtu akitazama haraka atasema tofauti ni ndogo, elfu chache za inchi, nywele tu! Lakini uzito wa uzi haufuati unene, unafuata unene mara unene. Na kama sauti unayotaka ni ile ile na gitaa ni lile lile, mkazo unapungua sawasawa na uzito. Kwa hiyo, kwa nyuzi zilizotengenezwa kwa namna moja, uzi wa juu wa 43 una mkazo pungufu kwa karibu theluthi kuliko wa 52. Wa pili ni hivyo hivyo. Wa tatu umepungua kwa karibu robo. Uzi mnene kuliko wote umepungua kidogo tu, kama asilimia 11, na hiyo ni heri, kwa sababu huo ndio uzi wa msingi tunaotaka ubaki na kifua chake.

Kwa kilo ni hivi: uzi mmoja wa kawaida wa besi unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 18, na nyuzi nne pamoja ni kama kilo 70 hadi 80. Yaani gitaa la mjomba limebeba mtu mzima usiku na mchana. Na kila anapobana noti, kidole chake kinapigana na mkazo huo. Wimbo mmoja mrefu una noti mamia. Sasa punguza theluthi ya kazi hiyo kwenye nyuzi mbili na robo kwenye moja, halafu uzidishe kwa usiku mzima wa harusi.

Viwandani wanalijua hili siku nyingi. Thomastik-Infeld wa Vienna, kiwanda kilichoanza 1919, wanatengeneza nyuzi bapa za 43, 56, 70 na 100, ambazo wapiga besi wa jazi huzisifu kwa ulaini wake. Na hao si watoto, mjomba. Wengi wao wana mvi kuliko wewe.

Hapa mnaniruhusu niongee kama muuguzi. Mjomba ameshaonwa na daktari, akaambiwa ni viungo vilivyochakaa kwa umri, hasa kile cha shina la kidole gumba, na akaambiwa apunguze nguvu anayotumia mkononi. Angalieni neno hilo: apunguze NGUVU. Hakuambiwa aache kutumia mkono. Kiungo kilichochakaa hakipendi kubanwa kwa nguvu muda mrefu, lakini hakipendi pia kukaa bila kazi. Asipokitumia kinakakamaa zaidi, na misuli inayokishikilia inanyong'onyea. Hapa kazini naona wazee waliovuliwa kila kitu walichokuwa wakikifanya kwa kisingizio cha kuwapumzisha, na mwaka haupiti kabla hawajaanza kuuliza leo siku gani. Sisemi besi ni dawa. Nasema kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake pia ni kumdhuru, na sisi ndugu tunaofanya hivyo huwa hatuioni.

Lakini mambo haya yakitokea, msikae na nyuzi, nendeni tena hospitali: vidole vikifa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, kidole kikikwama kimekunjwa na kufunguka kwa kudunda, au kiungo kikivimba, kikawa cha moto na chekundu. Hayo nyuzi haziyatibu.

Mimi mwenyewe nimefunga hizo nyepesi miezi minne sasa. Tunapiga Ijumaa, watu watano, wawili wa Unguja, mmoja wa Mombasa, na Waomani wawili ambao Kiswahili chao kinaninyoosha mimi, maana familia zao zilitoka Zanzibar baada ya 1964 na lugha hawakuiacha uwanja wa ndege. Muscat muziki una heshima zake. Okestra ya Kifalme ya Oman iliundwa 1985 kwa vijana wa Kiomani, na Jumba la Opera likafunguliwa 2011. Sisi ni wa sebuleni tu, mazulia yamekunjwa na jirani ameshaombwa radhi. Nikitoka zamu ya saa 12 ya kugeuza na kuinua wagonjwa, mkono wangu wa kushoto hauna nguvu ya kubishana na chuma. Kwa nyuzi nyepesi nafika wimbo wa sita nikiwa bado natabasamu. Sauti? Mzee wetu wa udi, ambaye hafichi neno, alisikiliza wiki mbili bila kugundua kwamba kuna kilichobadilika.

Sitaficha pia hasara. Uzi mwepesi ukiupiga kwa hasira unagonga freti na kulia "trrr". Unataka mkono wa kulia utulie, na amplifaya ipandishwe kidogo badala ya kidole kutumia nguvu. Mjomba aliyezoea kuvuta uzi kama nanga itamchukua wiki mbili tatu kuzoea. Akizoea atakuta jambo la ajabu: noti inakaa vizuri zaidi kwa sababu hakuna anayepigana nayo.

Sasa maelekezo kwa binamu atakayezifunga, maana mjomba hatakubali kuzifunga mwenyewe. Pakiti inakuja na mgeni wiki ijayo.

Kwanza, usikate uzi bapa kabla ya kuupinda. Pinda kwanza pembe kali, kama herufi L, mahali utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate mbele ya mpindo. Ukikata ukiwa umenyooka, ule utepe wa nje unaweza kufumuka na uzi umekwisha.

Pili, toa uzi mmoja funga mmoja, shingo isipate mshtuko wa kuachiwa mzigo wote.

Tatu, shingo ya gitaa ina fimbo ya chuma ndani inayopingana na mkazo wa nyuzi. Nyuzi nyepesi zinavuta kidogo, kwa hiyo shingo inaweza kurudi nyuma na nyuzi zikagusa freti za mwanzo. Ikitokea, legeza fimbo hiyo robo mzunguko tu, kinyume cha saa, uache hadi kesho, uangalie tena. Haraka hapa haina baraka, hasa kwa hewa ya Unguja yenye unyevu.

Nne, tazama kile kipande chenye mifereji karibu na vigingi. Mifereji ilichongwa kwa nyuzi nene. Kama uzi mwembamba unachezacheza ndani yake na kulia, mpelekee fundi, usijaribu gundi.

Tano, piga uzi kwenye freti ya 12, halafu gusa tu uzi juu ya freti hiyo hiyo bila kubana. Sauti mbili ziwe moja. Zikitofautiana, sogeza kile kitandiko cha uzi upande wa chini mpaka zikubaliane.

Na zile nyuzi nene zilizotoka msizitupe! Zifungeni kwenye karatasi, muandike tarehe. Nyuzi bapa hazizeeki haraka kama za mviringo, jasho na uchafu havina matuta ya kujificha. Mjomba akisema baada ya mwezi mmoja kwamba taarab yake imepotea, zitarudi mahali pake na mimi nitanyamaza.

Ninachowaomba wengine ni kimoja. Kwa mwezi huo mmoja asiambiwe neno kustaafu. Na kwenye harusi ya mwezi ujao, watu wakae mbali na jukwaa, wasikilize ile dum... dum... bila kutazama mkono wa mpigaji, halafu waniambie kama wamesikia watoto au wamemsikia mjomba.

Wazee mnaosoma hapa, mliowahi kubeba au kupiga besi kubwa enzi hizo, niandikieni. Nataka kujua mlifunga nyuzi gani, na zilipokatika mlizipata wapi. Hiyo nayo ni historia yetu, na hakuna aliyeiandika.

Msalimieni bibi, mwambieni dawa zake za presha asizirushe hata siku moja. Tuonane tena nikitoka zamu.